Barelas kuna sherehe tena: maswali ninayoulizwa kuhusu kituo cha utamaduni wa Kihispania, Albuquerque

Mimi ni mtu wa Morogoro. Naishi Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Barelas ilipo National Hispanic Cultural Center. Majirani zangu wanaozungumza Kiswahili wengi wametoka Kongo ya mashariki, wengine Burundi. Kila tangazo la sherehe linapotoka pale kituoni, simu yangu haipumui: sauti za WhatsApp kutoka kwa mama huyu, dada yule, kijana wa nani sijui, na maswali ni yale yale. Nimeamua kuyaandika. Kituoni sina cheo wala mshahara. Ni mtu wa kwenda tu, tena wa kwenda sana.

Dada, pale ni makumbusho, ukumbi au shule?

Vyote, ndani ya uwanja mmoja. Kuna makumbusho ya sanaa, kuna kumbi za maonyesho, kuna maktaba ambako wazee wa hapa huja kutafuta majina ya mababu zao vizazi kumi nyuma, kuna madarasa, na katikati kuna ua mpana unaoitwa Plaza Mayor, ambako ngoma za wazi hupigwa. Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania inayofundisha lugha yao duniani, nayo ina tawi humo humo.

Kituo kilifunguliwa mwaka 2000. Jengo kubwa la maonyesho, lenye jina la Roy E. Disney, likafuata 2004. Utalijua kwa umbo lake, limepanda ngazi kwa ngazi kama piramidi za kale za Mexico na Amerika ya Kati. Ukumbi wake mkubwa unachukua watu karibu 700. Neno "National" lisikuchanganye: kituo ni mali ya jimbo la New Mexico, chini ya idara yake ya utamaduni.

Kwa nini kimejengwa Barelas na si katikati ya jiji, kwenye mahoteli?

Kwa sababu Barelas ndiyo njia yenyewe. Hapa ilipita Camino Real de Tierra Adentro, barabara ya misafara iliyotoka jiji la Mexico hadi kaskazini ya Santa Fe, zaidi ya kilomita 2,500 za vumbi, nyumbu na mikokoteni. Kwa mtu wa Bagamoyo au Ujiji sina haja ya kueleza sana: fikiria njia ya misafara, na mtaa ulioota pale msafara ulipovukia mto. Mto wenyewe ni Rio Grande, uko nyuma ya kituo.

Reli ilipofika Albuquerque mwaka 1880, karakana kubwa za treni zikawekwa pembeni mwa mtaa huu, na wanaume wa Barelas wakawa mafundi wa reli. Mimi niliyekulia na honi ya Reli ya Kati, hilo peke yake lilinifanya niupende mtaa kabla sijamjua mtu. Majengo ya karakana bado yamesimama, na Jumapili za majira ya joto huwa na gulio.

Lakini kuna hadithi nyingine ambayo huwezi kuisoma kwenye vipeperushi vya rangi. Eneo lilipotafutwa, halikuwa pori. Watu walikuwa wanaishi. Familia zikauza, nyumba zikavunjwa. Mama mmoja mzee akasema yeye hauzi, na hakuuza. Wachora ramani wakachora upya, na kituo kikajengwa kwa kuizunguka nyumba yake. Kila nikisikia hotuba juu ya "kuhifadhi utamaduni wa jamii" humkumbuka yule mama. Jamii haikuletwa na kituo, ilikuwepo, na mmoja wao alikuwa na hati ya kiwanja mkononi.

Hao "Hispanic" ni nani hasa? Wahispania, Wamexico, au Walatino?

Kiswahili kinatubana kidogo hapa, maana Mhispania kwetu ni raia wa Hispania. "Hispanic" ya Marekani ni pana zaidi: ni mtu mwenye asili ya nchi inayozungumza Kihispania, iwe Mexico, Kuba, Peru au Hispania yenyewe. Mbrazili ni Mlatino lakini hayumo, kwa kuwa kwao ni Kireno. Na tusisahau kwamba Afrika pia ina nchi ambayo Kihispania ni lugha rasmi, Guinea ya Ikweta. Hili huwashangaza hata Wamarekani.

Wa New Mexico ni habari ya peke yake. Wengi hujiita Wahispano, na ukimwuliza mzee wa hapa "mlihamia lini?" unaweza kumkwaza bila kujua. Walowezi wa kwanza walifika na Juan de Oñate mwaka 1598. Ardhi hii ilikuwa ya mfalme wa Hispania, ikawa ya Mexico mwaka 1821, ikachukuliwa na Marekani kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 baada ya vita. Ndiyo maana utawasikia wakisema: sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Leo ni karibu nusu ya wakazi wote wa jimbo.

Kwa hiyo ndani ya ukumbi mmoja unaweza kuketi kati ya bibi ambaye ukoo wake una miaka 400 hapa, na kijana aliyefika mwaka jana kutoka Chihuahua, Mexico, au Venezuela. Hawali chakula kimoja wala hawasemi Kihispania kimoja. Huwa naona wanaangaliana kama sisi Watanzania na Wakongo tunavyosikilizana Kiswahili: tunaelewana, lakini kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayekosea.

Na wenyeji wa asili, waliokuwepo kabla ya Wahispania?

Wapo, na hawajasahau. New Mexico ina jamii 19 za Pueblo, na historia yao na wakoloni ina damu. Mwaka 1599 Oñate aliuangamiza mji wa Acoma, mamia wakauawa, na wanaume wazima waliobaki wakahukumiwa kukatwa mguu mmoja. Mwaka 1680 Wapueblo waliungana wakawafukuza Wahispania wote kwa miaka 12. Hadi leo sanamu za Oñate huleta ugomvi mjini.

Haya yanajitokeza hata kwenye sanaa. Kuna ngoma ya matachines, wachezaji wamevaa vilemba virefu vyenye utepe, shela za shanga zimefunika macho, fidla na gitaa vinapigwa taratibu. Inachezwa na vijiji vya Wahispano na vijiji vya Wapueblo pia, kila upande ukiwa na maelezo yake juu ya maana yake. Ukiiona, kaa kimya. Na ikiwa inachezwa kijijini kwa Wapueblo, simu ibaki mfukoni, kupiga picha kwa kawaida ni mwiko.

Hiyo Siku ya Wafu si kuabudu mizimu? Mchungaji wetu amekataza.

Swali hili huja kila Oktoba, na huulizwa kwa sauti ya chini. Mchungaji wako ni wako, sitamjibia. Nitakueleza ninachokiona, uamue mwenyewe.

Día de los Muertos huangukia tarehe 1 na 2 Novemba, yaani zile zile siku ambazo Wakatoliki huadhimisha Watakatifu Wote na Marehemu Wote. Ndani yake kuna desturi za kale za watu wa Mexico kabla ya Wahispania, zikafungwa pamoja na za kanisa mpaka huwezi kuzitenganisha. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008.

Kitovu chake ni meza, wanaiita ofrenda. Huwekwa picha za marehemu wa familia, mishumaa, glasi ya maji, chumvi, mkate, matunda, na kile mwenyewe alichokipenda: soda, sigara, sahani ya mchuzi. Maua ni ya rangi ya machungwa iliyokolea, yanaitwa cempasúchil, na harufu yake huingia chumba kizima. Wanasema marehemu huifuata harufu hiyo kurudi nyumbani usiku mmoja. Wengine wanaamini hivyo kwa dhati, wengine ni kumbukumbu tu. Sijamwona mtu akiisujudia picha. Nimewaona wakicheka na kusimulia. Mjini kwetu mtu akifa tuna arobaini, Waislamu wana hitima, wengine wana tanga na matanga ya pili. Hatuiti ibada ya mizimu tunapopika pilau kwa jina la bibi.

Jambo moja litakalomgusa mtu wa pwani: ubani wanaoufukiza unaitwa copal. Wafanyabiashara wa Ulaya walilichukua jina hilo kutoka lugha ya Waazteki, watu wa kale wa Mexico, wakaipa sandarusi yetu, ile iliyochimbwa pwani ya Tanganyika na kusafirishwa kutoka Unguja karne ya 19 kwenda kutengenezea vanishi. Nilipoinusa mara ya kwanza pale kituoni nilisimama.

Mafuvu yanayochekacheka yasikutishe. Yule bibi mwenye kofia kubwa ya maua, La Catrina, alianza kama kejeli ya mchora vibonzo José Guadalupe Posada, aliyefariki 1913, akiwacheka watu wa Mexico waliojifanya Wazungu. Maana yake ni kwamba hata ukivaa kofia ya Paris, chini ni fuvu tu.

Inapowekwa meza ya jamii, huna haja ya kuwa Mmexico ili kuweka picha. Peleka nakala, usipeleke picha ya pekee uliyobaki nayo. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wetu tuliokimbia vita hatukubeba picha. Jirani yangu mmoja wa Uvira aliandika jina la mama yake kwenye karatasi, kwa kalamu tu, akaiegemeza kwenye mshumaa. Palitosha.

Nikienda kwenye flamenko, napiga makofi lini?

Swali zuri kuliko unavyodhani, maana hapa watu wa kwetu huharibu.

Flamenko imetoka Andalusia, kusini mwa Hispania, na waliobeba mzigo wake mkubwa ni Wagitano, yaani jamii ya Roma wa huko. Ina sehemu tatu: wimbo, gitaa, na uchezaji. Makofi, yaani palmas, ni ala kamili kama ngoma. Mizunguko mingine ina mapigo 12, na mkazo hauangukii unapoutegemea. Ukipiga makofi yako ya kanisani juu yake unawavuruga. Kwa hiyo usipige pamoja nao. Unachoruhusiwa, na wanachokipenda, ni kupaza sauti: "¡Olé!" pale mchezaji anapokata ghafla, au mwimbaji anapoinyonga sauti mpaka unahisi koo lako linauma. Wanaita jaleo. Ni kama vile bi mkubwa anavyoachia kigelegele taarabu inapokolea, ila hapa usinyanyuke kwenda jukwaani na noti mkononi. Kutuza hakupo. Nimeshuhudia mama wa kwetu akizuiwa njiani na noti yake ya dola tano, akarudi amenuna.

Kwa nini flamenko iwe New Mexico? Eva Encinias, mzaliwa wa hapa, alifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico, akaanzisha National Institute of Flamenco mwaka 1982, na tangu 1987 Juni huwa ni mwezi wa Festival Flamenco Alburquerque, ambayo huleta wakali kutoka Hispania kwenyewe. Jukwaa la kituo limewapokea mara nyingi. Hiyo "r" ya ziada kwenye jina si kosa la uchapaji. Mji uliitwa hivyo ulipoanzishwa 1706 kwa heshima ya Duke wa Alburquerque, na "r" ikadondoka baadaye.

Tafuta viti vya mbele. Viatu vyao vina misumari, sakafu ni mbao, na ukiwa karibu unasikia kwa kifua kabla ya masikio. Ukiona mtu ameketi juu ya sanduku analipiga kwa viganja, hilo ni cajón. Lilibuniwa na Waafrika waliokuwa watumwa Peru, na mpiga gitaa wa Hispania, Paco de Lucía, ndiye aliyelipeleka kwenye flamenko mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kuna onyesho la marimba. Ni marimba yetu?

Jina ni letu, hilo halina ubishi. "Ma-" ile mbele ni "ma-" yetu ya wingi, na neno ni la Kibantu, lilivuka bahari pamoja na waliolazimishwa kuvuka. Guatemala leo marimba ni ala ya taifa. Jimbo la Chiapas huko Mexico wanaigombania nao. Za zamani zina vibuyu chini ya kila ubao wa mbao, na utando mwembamba unaotetemesha sauti. Mgogo akiisikia atageuza kichwa.

Na hii ndiyo sababu hasa mimi huwasukuma watu wa kwetu waende. Tukisikia "Kihispania" tunafikiri ni mambo ya Wazungu. Lakini karibu na Veracruz, Mexico, kuna mji unaoitwa Yanga, kwa jina la mtumwa mtoro aliyewaongoza wenzake milimani, wakapigana na Wahispania mpaka wakapewa mji wao huru mwanzoni mwa karne ya 17. Sensa ya Mexico ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Muziki wa Veracruz, ule wa vigitaa vidogo na watu wanaokanyaga jukwaa la mbao kwa visigino, una mkono wao.

Kisha muziki ukarudi. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Kuba zenye alama ya GV ziliuzwa Kongo, na vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakasikia kitu cha kwao ndani yake. Wakaanza kuimba kwa Kihispania walichokisikia kwa sikio tu, maneno hayana maana lakini ladha ipo. Hapo ikazaliwa rumba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2021. Huku kwetu, Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba. Baba yangu alikuwa akizipiga nyimbo zao Jumapili, na mimi sikujiuliza kamwe Kuba imefuata nini Morogoro. Jibu nimelipata Barelas, Jumamosi moja Plaza Mayor, bendi ilipoanza son, muziki wa dansi wa Kuba, na baba mmoja wa Bukavu aliyekuwa ameketi amekunja mikono akainuka bila kuombwa, akaanza kucheza kile alichokiita rumba. Wacuba walidhani ni Mcuba.

Fuatilia pia matamasha ya muziki wa dunia. ¡Globalquerque!, lililoanza 2005, lilifanyika kituoni hapo mwaka baada ya mwaka, na wanamuziki wa Afrika walikuwa hawakosi.

Chakula ni halali?

Hapa simama, usome polepole, hasa ndugu zangu Waislamu na Wasabato.

Mapishi ya New Mexico yanapenda nguruwe, na hujificha. Tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya mahindi ukachemshwa kwa mvuke, kwa kawaida umekandwa na mafuta ya nguruwe hata kama ndani ni kuku. Maharage ya kuponda mara nyingi yamekaangwa kwa mafuta hayo hayo. Biscochito, biskuti ya mdalasini na mbegu za anisi iliyotangazwa biskuti rasmi ya jimbo mwaka 1989, asili yake ni mafuta ya nguruwe. Neno la kuliuliza ni "manteca". Sema: "¿Tiene manteca?" Muuzaji hatakasirika, ameshaulizwa na wala mboga.

Posole ni mahindi yaliyopikwa na chokaa mpaka maganda yakatoka, kisha yakachemshwa na nyama na pilipili. Inafanana na kande, bila maharage. Nyama yake ni nguruwe mara nyingi, lakini siku za sherehe hupatikana ya kuku. Mahindi ya kuchoma yapo, na hayana mashaka. Jina letu "mahindi" linaelekeza India, lakini zao lenyewe kwao ni Mexico, na pilipili kadhalika. Vililetwa kwetu na Wareno. Kwa hiyo ukila ugali na kachumbari ya pilipili umekula nusu ya Mexico tayari.

Utaulizwa "Red or green?", nyekundu au ya kijani, kuhusu pilipili. Ni swali rasmi la jimbo, kweli kabisa, limepitishwa na bunge lao. Ukitaka zote sema "Christmas". Ya kijani inaweza kukuchoma zaidi, rangi peke yake haikuambii ukali.

Sijui Kihispania hata neno moja, na Kiingereza ni cha kuokoteza.

Matangazo mengi hutolewa kwa lugha zote mbili, na wahudumu wamezoea kuelekeza kwa mikono. Kiswahili hutakisikia jukwaani.

Lakini usiseme hujui "hata neno moja". Hilo "hata" lenyewe unalo: wao husema "hasta", na yote mawili ni "hatta" ya Kiarabu. Waarabu walikaa Hispania karibu miaka 800, wakaacha maneno kama walivyoacha kwetu. Sukari ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Mtaa, barrio, umetoka mzizi mmoja na "bara" yetu. Wakitamani jambo husema "ojalá", na ukiisikiliza vizuri utamsikia Mwenyezi Mungu ndani yake, kama kwenye inshallah. Meza ni mesa, sisi tuliipata kwa Wareno. Tahadhari moja: "tarifa" kwao ni bei, si habari.

Mzee yeyote msalimie kwanza, "buenos días" au "buenas tardes", kabla ya kuuliza choo kiko wapi. Wahispano wazee wana adabu ya salamu kama yetu, na kijana anayeanza na swali wanamwona hakulelewa.

Watoto wanaruhusiwa?

Uani, ndiyo, tena wanakimbia watakavyo. Kwenye kumbi inategemea onyesho. Sherehe za familia huwa na meza za kukata karatasi za rangi na kupaka mafuvu ya sukari. Piñata, sanamu ya karatasi iliyojazwa peremende ili ipasuliwe kwa fimbo, ikitundikwa, mweke mwanao nyuma ya kamba: mtoto aliyefungwa macho na kupewa fimbo haangalii nani yuko karibu. Desemba kuna Las Posadas, watu wakitembea na mishumaa wakiigiza Yosefu na Mariamu wanaokataliwa nyumba baada ya nyumba. Watoto wa wakimbizi huielewa hadithi hiyo haraka mno.

Tikiti, usafiri, mavazi?

Sherehe za uani mara nyingi ni bure, makumbusho yana kiingilio, maonyesho ya ukumbini hulipiwa kila moja kwa bei yake. Nunua dirishani kituoni au kwenye tovuti yao, si kwa mtu aliyekutumia kiungo. Mabasi ya jiji hayatozi nauli. Albuquerque iko juu, mita 1,600 hivi, haifiki Nairobi lakini ni kavu kuliko Dodoma. Jua la Septemba linaunguza, na likizama unahitaji sweta. Beba maji.

Kwa nini "mwezi wa urithi" wa Hispanic hapa Marekani unaanza katikati ya mwezi?

Kwa sababu tarehe 15 Septemba ni uhuru wa Guatemala, Honduras, El Salvador, Nicaragua na Costa Rica, kesho yake Mexico, na tarehe 18 Chile. Ilianza kama wiki moja mwaka 1968, ikaongezwa mwaka 1988 hadi tarehe 15 Oktoba. Ni wakati ambao ratiba ya kituo hujaa kuliko kawaida.

Naweza kukodi ukumbi kwa harusi au sherehe yetu?

Wanakodisha, ndiyo. Uliza mapema, maana unashindana na quinceañera, sherehe za binti kutimiza miaka 15, ambazo wazazi huanza kuziwekea akiba akiwa bado darasa la tano. Ukiiona bajeti yao utaacha kulalamikia michango ya kitchen party.

Nina saa moja tu. Nianzie wapi?

Torreón. Ni mnara wa mviringo uliojengwa kwa mfano wa minara ya ulinzi ya zamani. Nje hauna cha kusema. Ulizia kwanza saa za kufunguliwa, maana haukai wazi siku nzima.

Ndani, ukuta wote na dari vimechorwa, karibu mita za mraba 370. Mchoraji ni Frederico Vigil wa Santa Fe, aliyefundwa na Lucienne Bloch na Stephen Dimitroff, waliokuwa wasaidizi wa Diego Rivera, mchoraji mashuhuri wa Mexico. Ilimchukua karibu miaka kumi, akamaliza 2010. Kazi yenyewe ni freski: unapiga lipu ya chokaa kiasi utakachoweza kuchora siku hiyo, unapaka rangi iliyosagwa ndani ya maji ikiwa lipu bado mbichi, na chokaa ikikauka rangi inakuwa sehemu ya jiwe. Hakuna kufuta. Ukikosea unabandua lipu na kuanza upya. Mafundi wa nyumba za mawe za Lamu na Unguja wangemwelewa vizuri, chokaa haingoji mtu.

Usianze kusoma maelezo. Kaa, inua kichwa, zungusha macho taratibu. Utawaona Waarabu na Wayahudi wa Andalusia, Wamaya, Waazteki, Wapueblo, mitaro ya kumwagilia mashamba, mapadre, misafara, wote wamepandana bila mpaka kati yao. Kuna viti. Shingo ikichoka, wengine hulala chali sakafuni, na sijaona mlinzi akiwainua.